Nahodha Tunayemkabidhi Watoto Wetu

Msimu wa harusi na ziara unapowadia, familia nyingi za mwambao wetu huingia mashuani: mama na watoto mbele, mizigo katikati, nahodha nyuma ameshika usukani. Wengi wetu huuliza swali moja tu: nauli kiasi gani? Lakini lipo swali linalotangulia nauli. Huyu tunayemkabidhi roho zetu, ustadi wake tumeupima kwa mizani gani?

Katika Sura ya Al-Qasas, binti aliyemshauri babake amwajiri Nabii Musa (A.S.) alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hizo ndizo mizani zetu. Nguvu ya nahodha si misuli, wala si kuwapita wenziwe katika mashindano ya mashua. Nguvu yake ni ilimu ya bahari, na uaminifu wake ni kusema "leo hatuendi" ilhali nauli i mkononi.

Ilimu hiyo yaweza kupimwa hata na asiyejua kuogelea. Muulize: maji yanajaa au yanakupwa, na yatageuka saa ngapi? Siku za bamvua, karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa zaidi kuliko siku za maji mafu, na mikondo huwa mikali. Nahodha asiyeijua hesabu hii aweza kupwelewa na abiria wake katika mikoko ya Mkanda, kule Lamu, jua la adhuhuri likiwachoma watoto.

Muulize pia habari za upepo. Kusi huvuma kwa nguvu katika miezi ya Juni hadi Agosti. Maji yanayotoka mlangoni kuelekea bahari kuu yakikutana na kusi uso kwa uso, mawimbi huinuka wima, hata pale palipokuwa shwari asubuhi. Mjuzi atakwambia tutoke mapema, au tungoje maji yageuke. Asiyejua atakwambia, "Msijali, mimi nimezaliwa baharini." Hiyo si hoja: samaki naye kazaliwa baharini, na huvuliwa.

Kisha tazama kwa macho. Nahodha mwema huhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga, na huwapanga ili chombo kisilale upande. Ana chombo cha kufulia maji, kasia za akiba, na jaketi za kujiokoa za watu wote, za watoto zikiwa kwa vimo vyao. Huacha habari pwani anakokwenda na wakati atakaorejea. Leseni na tuitake, lakini leseni haisemi bahari ya leo ikoje, wala leo wamepakiwa wangapi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakapoteza maisha karibu na nchi kavu.

Mama zetu wengine huikataa jaketi wakichelea stara. Jaketi huvaliwa juu ya buibui. Haifunui kitu, bali huzidisha sitara. Buibui lililolowa humtatiza mtu kuogelea, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayewatibu watu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Twaona nahodha asiyejua kazi yake hayuko mbali na hukumu hiyo. Nao wanazuoni wa fiqhi walipojadili safari za majini walitenga bahari tulivu na bahari iliyochafuka. Ya pili hawakuiruhusu.

Basi mama anayeuliza hayo gatini asiambiwe mwoga, wala asihesabiwe mkosefu wa adabu. Analinda amana. Nahodha wa kweli hakasirikii maswali. Hufurahi kuulizwa lile alijualo. Akikasirika, au akajibu kwa majigambo, hilo nalo ni jibu. Mama akisema, "Hapa tunashuka," baba na asione haya kushuka pamoja naye. Harusi yaweza kungoja maji mengine.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini. Amin.