Konkuru ya ENA: batoto ba mine na kazi ya Leta

Kule Bel-Air, mutoto akimaliza kusoma ku Kasapa, wazazi banatafuta kwanza mutu mwenye kujuana na bakubwa ba mine. Kazi ya Leta banaiacha: eti ni ya wale benye ndugu Kinshasa. Si uongo wote. Lakini ENA, masomo ya Leta ya kufundisha bakubwa ba biro, inaingiza batu kwa konkuru.

Mwaka 1960, ku vyeo vya juu vya Leta zaidi ya 4000, Bakongomani balikuwa batatu tu. Njo maana mwaka 1961 kukafunguliwa ENDA kule Léopoldville, ifundishe bakubwa mbio mbio. ENA ya leo ilitoka na dekre ya 2013: mwenye licence akishinda konkuru, anafundishwa, anafanya staje, kisha anaingia mu administrasio.

Inatuhusu nini, siye batu ba mine? Tangu Kode ya mine ya 2018, ku redevansi ya madini, asilimia 25 ni ya provensi, na 15 ni ya komini na sheferi kwenye mine iko. Mutu wa kuhesabu makuta hayo iko mu biro, haiko mu shimo. Kama hakuna mutoto wetu pale, tutabakia kuuliza barabara iko wapi.

Na Batwa je? Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zabo, lakini konkuru inaomba licence, na batoto babo bengi habafiki hata sekondari. Kwabo musaada uanzie chini, ku minervali.