Kuvua Samaki Wadogo Mwambani kwa Mshipi Mwembamba

Wewe uliye na shamba katika skimu za pwani kama Roka, Mtondia au Gede, waijua shida ya miezi ya kaskazi. Ardhi imekauka, mvua za mwaka zingali mbali, na kitoweo chataka fedha. Lakini miezi hiyohiyo, tangu Desemba hata Machi, ndiyo bahari hutulia. Mtu asiye na ngalawa wala wavu aweza kupata changu, chewa wadogo na kolekole akisimama mwambani na mshipi mwembamba wenye chambo cha bandia.

Kwa nini uwe mwembamba? Samaki hao huwinda vidagaa na kamba wadogo. Chubwi zito huanguka kama jiwe, likanasa, ukapoteza ndoana. Chambo chepesi hushuka taratibu, na mara nyingi samaki hukidaka kingali kinashuka. Tumia nailoni ya kuhimili kilo 2 au 3, na mwishoni uunge mikono miwili ya nailoni nene zaidi, maana mwamba wetu ni matumbawe ya kale, nao hukata kama wembe.

Chambo utajitengenezea nyumbani. Twaa manyoya meupe ya jogoo, uyafunge kwa uzi kwenye shingo ya ndoana ndogo, na juu yake utie nati yenye uzito wa punje kumi za mahindi. (Wako wayeyushao risasi katika sufuria ya chakula. Jambo hilo ni baya sana, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto.) Fito ya mwanzi yatosha. Tumbukiza chambo kando ya jiwe, kiache kikaribie chini, kiinue shubiri moja, kisha kiache kishuke tena. Ukisikia kudokolewa, inua papo hapo. Chewa akiwahi kuingia pangoni mwake, humtoi.

Wakati mwema ni maji yanapoanza kujaa, kwani samaki hupanda pamoja nayo kutafuta chakula. Na hapo ndipo penye hatari. Toka kupwa hata kujaa ni kama saa 6, lakini maji hayapandi sawasawa. Katika saa ya kwanza hupanda kidogo tu, nawe wadhani unayo nafasi. Katika saa ya tatu na ya nne pekee hupanda karibu nusu ya maji yote. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hii hupanda kiasi cha meta 3. Aliye chini ya jabali, macho yake mshipini, hukatiwa njia nyuma yake. Basi itazame kwanza njia ya kurudi, nawe uondoke kabla saa ya pili haijaisha. Usiende peke yako, wala usiende miguu mitupu.

Bunju, yule ajivimbishaye, usimle kabisa; sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Samaki mwenye miiba usimshike kwa mkono. Akikuchoma, tia jeraha katika maji ya moto kadiri uwezavyo kuvumilia bila kuungua, kisha nenda zahanati upesi. Changu asiyefikia urefu wa kiganja mrudishe majini angali hai.

Watamu na Malindi zina hifadhi za taifa za baharini tangu 1968, na ndani yake kuvua ni marufuku, hata kwa ndoana moja. Mipaka yake, na kibali kitakiwacho kwingineko, muulize afisa wa uvuvi kabla hujakata mwanzi.