Nusu ya Moshi Haitoshi

Mwanamke anayepikia kuni huvuta moshi kiasi gani kwa siku? Wengi tungejibu "mwingi" na kuendelea na mambo mengine. Lakini kuna watafiti waliowavisha wajawazito kipimo cha hewa karibu na pua kwa saa 24, wakahesabu. Utafiti wao, HAPIN, ulihusisha wanawake 3,200 katika Guatemala, India, Peru na Rwanda. Walioendelea na kuni na makaa walikuwa wakivuta, kwa wastani, maikrogramu 103.3 za chembe laini za moshi katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka wastani wa mwaka usizidi 5, na wa siku moja usizidi 15.

Tuibebe 103 hiyo hadi jikoni Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ambako mafiga matatu yangali kazini kila jioni. Mtu mzima huvuta takriban mita za ujazo 12 za hewa kwa siku. Zidisha, utapata miligramu 1.24 za chembe. Kwa mwaka hiyo ni chini ya nusu gramu, na kwa miaka 30 ya kupika ni gramu 13.6, pungufu ya vijiko vitatu vya chai vya chumvi. WHO hiyohiyo inamruhusu mtu kula chumvi gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo moshi wote wa miaka 30, kwa uzito, haufikii hata chumvi ya siku tatu.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea nukta. Sikuwa nimekosea. Linganisha na sigara: Umoja wa Ulaya hauruhusu sigara moja itoe lami zaidi ya miligramu 10. Anayemaliza pakiti ya 20 anaweza basi kuvuta hadi miligramu 200 kwa siku, na mpishi wetu anavuta sehemu moja ya 160 ya hizo. Madhara yangepungua sawasawa na uzito, moshi wa jikoni ungekuwa jambo dogo. Lakini WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Jibu la fumbo hili lilianza kuonekana hapa kwetu Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55 zenye watu 345 katika shamba la Mpala, Laikipia, wakipima moshi wa jikoni na kuandika nani anaumwa kifua. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001. Maradhi ya kifua yaliongezeka kadiri moshi ulivyoongezeka, lakini hayakufuata mstari ulionyooka. Yalipanda haraka penye moshi kidogo, kisha kasi ikapungua moshi ulipovuka maikrogramu 1,000 hadi 2,000. Mlima wenyewe ni mkali chini, na juu unakaribia kuwa tambarare.

Anayeishi kule juu akipunguza moshi kwa nusu, bado anatembea kwenye tambarare. Mapafu yake hayaoni tofauti kubwa. Faida iko kwenye mteremko wa chini, karibu na hewa safi, na kufika huko ndiko ghali.

Msemo wa Kirk Smith, mtafiti wa Berkeley aliyefariki mwaka 2020, husomwa vibaya hapa. Alisema moto wa kuni jikoni ni kama sigara 400 zinazowaka kwa saa. Hakusema mpishi anavuta sigara 400. Alisema zinawaka chumbani. Nyingi zinatoka kwa dirisha, kama dirisha lipo.

Sasa hesabu ya saa, ambayo ndiyo nzito. Tuseme moto ukiwaka hewa ya jikoni ina maikrogramu 2,000, na muda mwingine ina 20. Mama akipika saa tatu kwa siku, wastani wake wa saa 24 ni takriban 268. Mpe jiko bora linalokata moshi kwa nusu: anashuka hadi 143. Mpe gesi kwa kila kitu, isipokuwa saa moja ya kuni kwa ajili ya nyoyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe unaomaliza mtungi: anarudi 103. Aache kuni kabisa: 20. Saa hiyo moja peke yake ndiyo inayomtoa 20 na kumpeleka 103.

Kwa nini majiko bora yamewavunja moyo watafiti? Nchini Malawi, utafiti ulioongozwa na Kevin Mortimer uligawa majiko yenye feni na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000. Nimonia haikupungua. Hata HAPIN, iliyotoa gesi bure kwa miezi 18 na kushusha moshi hadi 35, dhidi ya 103.3 kwa walioendelea na kuni, ilipata watoto wenye uzito wa wastani wa gramu 2,921 dhidi ya 2,898 za wenzao wa kuni. Ni tofauti ya gramu 23, ambayo kwa takwimu si kitu. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi moshi hauna neno. Mimi nayasoma kinyume: 35 bado ni mara saba ya kiwango cha WHO, na moshi wa jirani hauulizi nani amenunua mtungi.

Mbita kuna moshi wa pili. Ngege na mbuta hubanikwa kwa kuni kwenye mabanda ya ufuoni, na kazi hiyo ni ya wanawake. Anayebanika samaki kwa saa nne kisha akaenda kupikia gesi nyumbani hajatoka mlimani. Halafu kuna waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu ndani ya mapafu, katika kaunti hii ya Homa Bay, ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2018 uliona virusi vya UKIMWI, vinavyofungulia kifua kikuu mlango, kwa asilimia 19.6 ya watu wazima. Pafu lenye kovu halina akiba ya kuchezea.

Tuje kwenye pesa. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban kilo tatu za makaa, au tisa hadi kumi za kuni kwenye mafiga. Tuseme kujaza mtungi wa kilo 6 ni shilingi 1,200, yaani 200 kwa kilo. Anayenunua makaa kwa zaidi ya shilingi 67 kwa kilo tayari analipa zaidi kuliko mwenye gesi. Ila makaa hununuliwa kwa mkebe, ya leo kwa leo, na mtungi hudai 1,200 kwa mkupuo. Serikali nayo ilicheza na bei: VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwenye gesi Julai 2021, ikashushwa hadi 8 Julai 2022, ikaondolewa Julai 2023.

Na shilingi ya gesi inatoka mfuko uleule wa mboga. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 94 ya Wakenya wazima hawafikii sehemu tano za mboga na matunda kwa siku, ile gramu 400 ya WHO. Familia ya watu watano inahitaji kilo 2 kila siku, za sukuma, managu, kunde na maembe. Bei ya nishati hugeuza chungu pia. Omena huiva kwa dakika chache, maharagwe huchukua saa. Mwenye kununua makaa kwa mkebe huacha maharagwe kwanza. (Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda huo, na maji hayatozwi VAT.) Na mlo mbaya hupandisha presha: uchunguzi huohuo ulikuta shinikizo la damu kwa asilimia 23.8 ya watu wazima, huku asilimia 56 hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.

Kuwafikia watu si muujiza. Utafiti wa SEARCH uliofanywa Uganda na magharibi mwa Kenya uliwahusisha watu 150,395, ukipima presha na virusi katika kambi moja. Baada ya miaka mitatu, asilimia 47 ya wenye presha walikuwa wameidhibiti, dhidi ya 37 katika vijiji vya kulinganisha. Na Rusinga, ng'ambo tu ya Mbita, mradi wa SolarMal wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na Chuo Kikuu cha Wageningen ulifunga umeme wa jua katika nyumba zaidi ya 4,000 ili kuendesha mitego ya mbu. Malaria ilipungua kwa takriban asilimia 30 kwenye nyumba zenye mitego. Taa zilikuja pamoja na mitego, na koroboi ikakosa kazi.

Kaya ya Homa Bay ikitumia mitungi miwili ya kilo 6 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 28,800. Kaunti ina kaya takriban 260,000 kwa sensa ya 2019. Gesi ya bure kwa wote ingegharimu takriban bilioni 7.5 kwa mwaka, wakati mgao wote wa kaunti kutoka serikali kuu mwaka 2022/23 ulikuwa takriban bilioni 7.8. Anayeahidi gesi bure kwa kila nyumba hajashika kalamu.

Asilimia moja ya mgao huo, milioni 78, ingelipia kaya 2,700: moja kati ya 96. Ningeulizwa, nisingezipigia kura wala kuzigawa nusunusu ili kila kijiji kipate kidogo. Ningeanza na nyumba zenye mtu aliyetibiwa kifua kikuu, kisha wanawake wa mabanda ya samaki, wapewe gesi ya kutosha kupika kila kitu, nyoyo ikiwemo.