Mteja Anasema Amelipa? Uliza Faili

Mteja yuko kaunta, anakuonyesha meseji: alilipa shilingi 3,400 wiki iliyopita. Wewe hukumbuki. Stetimenti ina mistari elfu mbili na kidole kimechoka kuteremsha skrini.

Kuna njia ya haraka, na si lazima uwe umesomea kompyuta. Ni terminali, ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Linux na Mac huja nayo. Kwenye Android weka programu ya Termux, uandike termux-setup-storage ili ione faili za simu, kisha cd storage/downloads. Pakua stetimenti kwa CSV, si PDF, maana amri hizi husoma maandishi matupu. Tuseme umeiita machi.csv.

Kwanza toa nakala:

cp machi.csv kazi.csv

Ile asili usiiguse. Mambo yakifika kwetu au kwa mhasibu wako, hiyo ndiyo utakayoonyesha. Sasa tafuta nambari ya muamala iliyo kwenye meseji (hii yetu ni ya kubuni):

grep -i "XYZ12AB34C" kazi.csv

Hiyo -i inasema herufi kubwa au ndogo ni sawa tu. Mstari ukitokea, usome: kiasi ni kile kile? Tarehe je? Skrini ikinyamaza, nambari hiyo haimo kwenye faili. Lakini usimwite mtu mwizi bado. Pengine ulipakua stetimenti kabla hajalipa, au alituma kwa till ya jirani. Pakua mpya, jaribu tena. Ikinyamaza tena, basi meseji si risiti, na mzigo usitoke dukani.

Mwezi haujulikani? Andika *.csv badala ya kazi.csv, itapekua faili zote kwenye folda na kukutajia ni ipi.

Kuna amri moja ya kuogopa: rm. Hufuta faili bila kupitia pipa la taka, na kwa kawaida haiulizi kama una hakika. Alama ya > nayo ni ya kuangalia: ukielekeza matokeo kwenye machi.csv, yaliyokuwamo yamekwenda.

Na mtu akikutumia amri kwa WhatsApp, eti uibandike "urudishiwe pesa", usiibandike. Hakuna amri hapa inayohitaji PIN yako.