Unavuta trela mara ya kwanza? Anza na mizigo, si usukani

Wikendi ndefu ikikaribia, vijana wengi wa Nairobi huanza kuchanga pesa za kwenda kupiga kambi Naivasha. Zamani ilikuwa hema na blanketi kwenye buti, basi. Siku hizi wapo wanaokodi au kuazima trela ya kambi, ile yenye kitanda, jiko na hema la kukunjua juu. Ni raha, bana. Lakini hata kama umeendesha gari miaka mitano, siku utakapofungiwa trela nyuma utakuwa dereva mgeni tena.

Mimi nilijifunza kwa woga. Nilikuwa nimejaza mitungi minne ya maji, lita 20 kila mmoja, nikaipanga nyuma kabisa kwa sababu mlango wa trela uko huko. Tulienda fiti hadi tulipopita Limuru, barabara ikanyooka, nikaongeza mafuta. Lori likatupita. Mara trela ikaanza kucheza: kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi. Rafiki yangu aliyekuwa akirekodi video aliweka simu chini bila kuambiwa.

Mguu wangu ulikuwa tayari unaelekea kwenye breki. Mwenzetu mmoja, mtoto wa dereva wa lori, akapaza sauti: “Wachana na breki! Toa mguu kwa mafuta tu, shika usukani wima!” Nikatii. Mwendo ukapungua wenyewe, trela ikatulia, tukaegesha kando tukihema.

Yeye ndiye aliyenionyesha kosa. Umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa vibaya pale Marikiti? Mzigo ukizidi nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka na mvutaji hubaki akining'inia. Trela ya magurudumu mawili ni vivyo hivyo. Kilo 80 za maji mkiani zilikuwa zinainua sehemu ya nyuma ya gari, tairi zikakosa kushika lami vizuri, na upepo wa lori ukamalizia kazi. Ukikanyaga breki kwa nguvu hapo, trela inaweza kulisukuma gari likageuka. Kukata usukani huku na huku nako kunaongeza mchezo. Na usidanganywe kwamba ukiongeza kasi itanyooka.

Kwa hivyo vitu vizito, yaani maji, gesi, betri na sanduku la barafu, viweke chini, karibu na ekseli, vikiegemea mbele kidogo. Kipimo wanachotumia wengi ni kwamba takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wote wa trela ikalie kiungo cha gari. Trela ikiwa na kilo 600 pamoja na mizigo, basi kama kilo 60. Mizani ya kawaida ya kujipimia uzito inatosha: weka kipande cha mbao juu yake, ishushe pua ya trela hapo, soma. Kisha angalia kwenye kitabu cha gari lako uzito linaoruhusiwa kubeba kwenye kiungo hicho, na uzito wa trela linaoweza kuvuta. Gari dogo haliwi kubwa kwa sababu una haraka ya kufika.

Ukishafunga trela, inua pua yake kidogo kwa jeki yake. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, kiungo kimeshika. Minyororo ya usalama ipishanishe chini, ili kiungo kikichomoka pua iangukie minyororo, isichimbe lami. Mwambie mtu asimame nyuma akiangalia taa za breki na indiketa. Baada ya kilomita 50 hivi, simama ukaze nati za magurudumu tena. Na uulize bima yako kama inahusu trela.

Ukipitia Mai Mahiu, ingia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuishiwa nguvu, na sasa una kilo mia kadhaa zinazokusukuma kutoka nyuma. Acha nafasi kubwa mbele yako. Matatu zitajipenyeza humo, ndiyo. Ziache, kisha uiache nafasi upya. Kwenye kona, panua kidogo, kwa kuwa gurudumu la trela hupita ndani zaidi kuliko lako.

Kilichobaki ni kurudi nyuma, na hapo ndipo wengi huaibikia kambini. Fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu siku moja kabla. Shika usukani upande wa chini: mkono ukienda kulia, trela inaenda kulia. Geuza kidogo kidogo. Ukiona trela na gari vimeanza kukunjana, usilazimishe. Songa mbele, nyoosha, anza upya. Mimi nilirudia mara saba, mlinzi wa kambi akiniangalia huku amekula kona na kikombe chake cha chai.