Kioo cha kompyuta kikicheza, usikubali haraka ‘kupigiwa windo’

MSIMU wa alizeti unapopamba moto mkoani Singida, mnunuzi mdogo wa zao hilo hana muda wa kupoteza. Katika maeneo kama kata ya Mwankoko, iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, kuna magunia ya kupimwa, wakulima wanaosubiri fedha zao, wenye mashine za kukamua wanaotaka kujua mzigo utafika lini, na wafugaji wanaoulizia mashudu.

Kwa mfanyabiashara mwenye kompyuta mpakato, hesabu zote hizo huwekwa humo: nani ameleta magunia mangapi, nani amechukua fedha ya awali na nani bado anadai. Ndiyo maana siku kioo cha kompyuta kinapoanza kucheza, kujaa mistari au kubaki cheusi, biashara nayo husimama.

Wengi huibeba kompyuta hadi kwa fundi, na jibu la haraka huwa ni “tupige windo”, yaani kufuta mfumo mzima na kuweka mwingine. Kazi hiyo ikifanyika bila mafaili kunakiliwa kwanza, orodha ya wadeni huweza kufutika pamoja na mfumo wa zamani.

Hasara haiishii kwa wadeni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu za biashara yake kwa miaka mitano. Aliyezipoteza hubaki bila ushahidi wa mapato na matumizi siku anapokadiriwa kodi.

Mara nyingine tatizo halihitaji hatua kubwa kiasi hicho. Chanzo chake huweza kuwa draiva ya kioo, nayo huondolewa kwa mkono bila kugusa faili hata moja la mwenye kompyuta.

Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo wa Windows kuelewana na kifaa kilichomo ndani ya kompyuta. Ya kioo huuelekeza mfumo namna ya kuitumia kadi ya picha. Ikiharibika, ikiwekwa isiyolingana na kompyuta, au ikibadilishwa na toleo jipya lenye kasoro, kioo huanza vituko ingawa chenyewe ni kizima.

Tofautisha draiva na kifaa

Kabla ya kuondoa chochote, ni vizuri kuhakikisha mkosaji ni nani. Kwanza, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Hatua hiyo huiamsha upya draiva ya kioo, na wakati mwingine picha hurudi papo hapo.

Pili, angalia kioo mara tu unapoiwasha, nembo ya mtengenezaji inapotokea. Mistari ikionekana tangu hapo, kabla Windows haijaanza, kuna uwezekano mkubwa tatizo ni kioo, waya wake au kadi yenyewe. Tatu, unganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikiwa safi kwenye televisheni na mbovu kwenye kompyuta, shuku kioo au waya wake.

Kioo kikiwa cheusi, mulika tochi kwa karibu. Ukiona maandishi hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Hapo kuondoa draiva hakutasaidia. Ni kazi ya fundi wa vifaa.

Hatua za kuiondoa

Ikiwa dalili zinaelekea kwenye draiva, anza kwa kunakili mafaili ya biashara kwenye flashi. Kisha tafuta draiva sahihi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kutumia namba ya modeli ambayo kwa kawaida huwa imeandikwa chini yake. Faili hilo huweza kufika mamia ya megabaiti, hivyo andaa bando la kutosha. Kompyuta ikiwa haionekani kabisa, tumia nyingine kulipakua na ulihifadhi kwenye flashi.

Hatua inayofuata ni kuwasha kompyuta katika hali salama. Kwa Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya “Restart”. Chagua “Troubleshoot”, kisha “Advanced options”, “Startup Settings” na “Restart”. Orodha ikitokea, bonyeza namba 4. Kompyuta ya zamani yenye Windows 7 hufika huko kwa kubonyeza F8 mara inapowaka.

Baadhi ya kompyuta zimefungwa kwa BitLocker na huweza kudai namba ndefu ya kufungulia. Kwa kawaida namba hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, hivyo itafutwe mapema.

Katika hali salama, Windows hutumia draiva ya msingi tu. Maandishi huweza kuonekana makubwa, lakini kioo kikitulia, hiyo ni dalili nzito kwamba draiva ndiyo yenye kosa.

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua “Device Manager”, kisha fungua “Display adapters”. Baadhi ya kompyuta huonyesha majina mawili, kwa mfano Intel na NVIDIA. Shughulika na ile iliyobadilishwa karibuni.

Ikiwa vituko vilianza baada ya toleo jipya, fungua sifa zake na ujaribu kwanza “Roll Back Driver”, inayorudisha toleo la awali. Isipokubali, chagua “Uninstall device” na weka alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kufuta draiva yenyewe. Bila alama hiyo, Windows huweza kuirudisha ileile mbovu.

Zima intaneti kabla ya kuwasha upya, ili mfumo usiivute tena kutoka mtandaoni. Kompyuta ikishawaka, weka draiva uliyoiandaa. Mabaki yakiendelea kusumbua, ipo programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuyasafisha, nayo hutumika vizuri zaidi katika hali salama. Usiingie kufuta mafaili kwa kubahatisha ndani ya folda za Windows.

Njia hii si ya wenye kompyuta kuukuu pekee. Julai 19, 2024, faili moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa mujibu wa Microsoft, na kukwamisha viwanja vya ndege, benki na hospitali. Haikuwa draiva ya kioo, lakini tiba ilifanana: kwa nyingi kati ya hizo, mafundi waliingia katika hali salama na kulifuta faili hilo kwa mkono. Hawakulazimika kufuta mifumo mizima.

Asiyetaka kujaribu mwenyewe hana sababu ya kuona aibu kwenda kwa fundi. Muhimu ni kumuuliza mambo matatu kabla hajaanza: je, amejaribu kompyuta katika hali salama? Ameijaribu kwenye televisheni au kioo kingine? Na mafaili yamenakiliwa wapi?

Fundi mwenye majibu apewe kazi. Asiye na majibu asikabidhiwe hesabu za msimu mzima. Na hata kompyuta ikipona, flashi yenye nakala za hesabu ikae mahali tofauti na kompyuta, na isasishwe kila jioni baada ya mzani kufungwa.