UTELEZI NDANI YA BIDONI: ANAYEPIMA MARA MOJA HAJAPIMA

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba, osha mikono, kisha pitisha kidole ndani ya bidoni yako tupu ya maji ya kunywa, karibu na mdomo wake. Kinateleza? Utelezi ule si uchafu tu. Ni kambi ya mikrobe. Zimeshikamana na plastiki, zimetengeneza ute wa kujifunika, na chini ya ute ule zinakula na kuzaana. Wataalamu wanauita biofilimu. Unapatikana ndani ya tiyo za maji, kwenye robine, ndani ya matangi, hata juu ya meno yasiyosafishwa.

Hatari yake iko wapi? Mikrobe inayoelea peke yake ndani ya maji inauawa upesi na javeli. Lakini ile iliyojificha ndani ya ute inaweza kuvumilia dawa yenye nguvu mara 10, mara 100, mara nyingine hata mara 1000. Mikrobe ya kolera nayo inajua kujificha hivyo. Na kolera si mgeni kwetu: waulize watu wa Kalemie na wa Bukama.

Sasa tufikiri pamoja. Chupa ya dawa inasema: «Inaua mikrobe.» Ilijaribiwa juu ya mikrobe gani? Zinazoelea, au zilizojificha? Na mtu mwingine akirudia jaribio lile, atapata hesabu ileile?

Swali hili limewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mmoja alikuza utelezi juu ya kioo, mwingine juu ya plastiki. Mmoja alingoja masaa 24, mwingine siku 3. Huyu alitumia maji yaliyosimama, yule maji yanayotembea. Mmoja alikwangua utelezi wote, mwingine aliacha nusu. Wengine walisahau kuizima dawa kabla ya kuhesabu, nayo ikaendelea kuua mikrobe wakati wa kuhesabu. Kila mmoja aliandika alichokiona, bila uongo. Lakini mara nyingi mwenzake aliporudia kazi, hesabu ilikuwa nyingine.

Wewe unayefanya kazi kwenye shaba unalielewa jambo hili. Udongo wa mfano ukipelekwa laboratwari, haupimwi mara moja tu. Unapimwa tena, na hesabu mbili zikiachana sana, hakuna anayezikubali. Tena, udongo uliochukuliwa vibaya utatoa hesabu mbaya, hata mashine ikiwa nzuri namna gani. Ni vile vile kwa mikrobe.

Dawa ya matatizo haya ni nini? Ni kukubaliana juu ya njia moja. Mwaka 2007, shirika la ASTM la Marekani lilitoa maandishi ya njia ya kukuza utelezi kwa chombo kinachoitwa kwa jina la CDC. Chombo kina vijiti 8, na kila kijiti kinashika vipande 3 vya duara. Jumla ni vipande 24. Maji yenye chakula cha mikrobe yanakorogwa kwa mizunguko 125 kila dakika. Kwa masaa 24 hayabadilishwi; kwa masaa 24 mengine maji mapya yanapita bila kukoma. Ndipo vipande vinatolewa. Vingine vinatiwa dawa, vingine havitiwi, ili pawe na cha kulinganisha. Kisha kazi yote inaanzwa upya siku nyingine, kwa mikrobe mpya.

Mwaka 2014, wataalamu wa inchi mbalimbali walitoa pia orodha ya mambo ambayo kila mpimaji wa utelezi anapaswa kuyaandika: aina ya mikrobe, mahali iliposhika, joto, masaa, mwendo wa maji, na namna ya kuhesabu. Jambo lisiloandikwa, mwingine hawezi kulirudia.

Na usidanganywe na neno «99 kwa 100». Mikrobe milioni 1 zikifa 99 katika kila 100, zinabaki 10 000 zilizo hai. Hizo zinatosha kujenga kambi upya.

Wewe ufanye nini nyumbani na kazini?

1. Sugua kwanza, dawa baadaye. Kama mdomo wa bidoni ni mwembamba, tia maji, sabuni na vijiwe safi, tikisa kwa nguvu, kisha suuza mpaka utelezi uishe.

2. Fuata kipimo cha javeli kilichoandikwa kwenye chupa, maana nguvu ya javeli si moja. Ndani ya maji meupe ya kunywa, ngoja dakika 30. Usichanganye javeli na asidi au dawa nyingine ya kusafishia: hewa inayotoka inaua.

3. Wewe unayepima klori ya maji ya kiwanda au ya kambi, pima kwenye robine ileile, kwa namna ileile, mara mbili. Andika tarehe, saa na hesabu. Hesabu zisipopatana, usichague ile inayokupendeza. Pima tena na umwarifu mkubwa wako.

4. Mtu akikusifia dawa mpya ya maji, umwulize maneno mawili: ilijaribiwa juu ya utelezi? Na nani mwingine alirudia jaribio hilo?

Mtoto wako hanywi maandishi ya chupa, anakunywa maji ya bidoni. Isugue leo, isugue tena juma lijalo.